Niliiua fuzz ya Mzee Kulwa wa Nyakato, ikabidi niitafute upya ndani ya kompyuta

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu mlioko humu, shikamooni.

Juzi kuna kijana aliuliza hapa kama kweli software inaweza kutoa mlio uleule wa pedal ya zamani ya gitaa. Watu wakabishana mpaka wakaanza kutajiana wazazi. Mimi nilisoma tu nikanyamaza.

Lakini jambo hilo limenipata mimi mwenyewe. Mwanza, miaka ya tisini mwishoni, wakati wengi wenu hamjashika mouse. Nalisimulia lilivyokuwa, pamoja na sehemu inayonitia aibu mpaka leo. Nikiiondoa hiyo, bora nisiandike kabisa.

Ni ndefu. Vuta kiti.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuo cha ufundi, nimepanga chumba Pasiansi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vinaingia kila siku. Redio za kila aina, TV, halafu kompyuta.

Pale mjini kulikuwa na mama mmoja tuliyemwita Mama Shamsa. Miaka yote alikuwa na ofisi ya kupiga chapa. Alivyoona upepo unakoelekea, akauza mashine zake za taipu zote, akanunua kompyuta nne, akafungua kituo cha mafunzo. Mimi nilikuwa mwalimu wake na fundi wake. Asubuhi nafundisha makarani, mchana natengeneza redio kwenye meza ya nyuma.

Programming nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha C cha fotokopi ambacho kurasa kumi za katikati hazisomeki. Mpaka leo kuna vitu vya C sivijui kwa sababu ya zile kurasa.

Siku moja mchana akaingia mzee mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri. Kabeba kitu kimefungwa kwenye kipande cha khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi ni wewe, au kuna mkubwa wako?"

Nikamwambia ni mimi. Akaniangalia kidogo, akafungua khanga. Ndani kuna kiboksi cha chuma cha kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana, kina swichi kubwa ya kukanyaga kwa mguu na vitufe viwili vya kuzungusha.

Huyo ndiye Mzee Kulwa. Mwenyeji wa Magu, alikuja mjini akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashine za kufuma katika kiwanda kimoja pale Nyakato. Kiwanda sikitaji. Zaidi ya kazi ya mashine, alikuwa anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya wafanyakazi.

Kwa wasiojua: gitaa la umeme ukilipitisha kwenye kidude kile, sauti inakwaruka, inanenepa, inavuma muda mrefu hata kidole kikishatulia. Wapiga gitaa wanaita fuzz. Wao kwenye bendi walikiita Nyuki. Watu wazima wa Nyakato ukiwatajia Nyuki ya Mzee Kulwa walikuwa wanatabasamu kabla hujamaliza sentensi.

Alikipata kwa mzungu mmoja aliyekuja kufunga mashine miaka ya sabini mwanzoni. Yule bwana alikuwa anapenda gitaa, wakawa wanapiga pamoja Jumapili, na alipoondoka akamwachia. Hakikuwa na jina la kampuni, namba tu imegongwa chini. Miaka mingi baadaye, mtandao ulipotufikia, nilikitafuta sana. Nikaja kujua vilitengenezwa kwa mkono kwenye karakana ndogo huko Ulaya, vichache mno, na wenye navyo hawaviachii.

Siku ile sikujua hayo. Niliona kiboksi tu.

"Kinakwaruza nikizungusha hapa," akasema, akinionyesha kitufe cha volume. "Kiwanda kinauzwa. Wengi tunaondoka. Baada ya wiki tatu, Jumamosi mchana, tunaagana bwaloni. Bendi itapiga mara ya mwisho. Nakihitaji."

Nikamwambia aje kesho.

Wakuu, tatizo lilikuwa vumbi. Vumbi ndani ya kitufe cha volume. Tone la spiriti, zungusha mara kumi, kazi imekwisha. Fundi yeyote humu anajua.

Lakini mimi nilikuwa kijana mwenye cheti. Nikasema ngoja nipime na transista, nionekane nimefanya kazi. Zilikuwa mbili, za germanium, aina ya kizamani kabisa, zimevikwa kofia nyeusi kama viberiti vilivyoungua. Nikawasha chuma cha kuyeyushia risasi, nikaanza kuitoa ya kwanza.

Germanium haipendi moto. Chuoni walitufundisha: bana mguu wa transista kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo. Sentensi ile niliijua kwa moyo. Koleo lilikuwa upande wa pili wa meza. Nikaona uvivu kunyoosha mkono.

Ilipotoka nikaipima. Imekufa.

Nikaipima tena. Nikabadilisha mita. Nikaipima tena.

Kesho yake Mzee Kulwa alikuja, nikamwambia, "Mzee, transista moja imekufa kwa uzee."

Hiyo ndiyo aibu niliyosema. Nilimtazama usoni nikamwambia kwa uzee.

Hakugomba. Alikichukua, akakishika mikononi kama anapima uzito, akauliza, "Haipatikani nyingine?"

Nikasema nitatafuta. Na nilitafuta kweli. Mwanza nzima maduka ya spea yalikuwa na silicon, transista za kisasa. Niliweka moja, akajaribu, akachomoa waya mwenyewe. Ilikuwa inalia kama bati linakatwa na msumeno. Nikatoa germanium kwenye redio mbovu za zamani, tatu tofauti. Zote dhaifu, sauti inatoka kama mtu mwenye mafua. Nikaagiza Dar kwa mtu wa basi. Akarudi na silicon.

Siku tano zimeshakwenda.

Siku ya sita nilikaa na lile boksi wazi mbele yangu, nikachora ramani yake kwenye karatasi. Nilipomaliza nilibaki naiangalia ile karatasi. Transista mbili. Vipinga vichache. Kapasita tatu. Basi! Vitu vinavyojaa kiganjani. Na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinatikisa bwalo zima miaka ishirini na kitu.

Ndipo wazo likaja. Kila kipande kwenye ile karatasi nakijua kinafanya nini kwa umeme, na kina hesabu yake. Kompyuta haina kazi nyingine zaidi ya hesabu. Gitaa likiingia kwenye kadi ya sauti, kompyuta inalipokea kama namba, makumi elfu ya namba kila sekunde. Je, kila namba nikiipitisha kwenye hesabu ya transista ya kwanza, halafu ya pili, kisha nikaitoa kwenye spika?

Siku hizi mnaita plugin, mnadownload kwa dakika moja. Mimi wakati ule sikuwahi kusikia kwamba kuna mtu popote amefanya kitu hicho. Nilihisi kichwa kinakuwa chepesi.

Nilimweleza Mama Shamsa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, sijaelewa hata neno moja. Kompyuta itaharibika?"

"Hapana mama."

"Basi fanya saa za mchana wanafunzi wakitoka. Na umeme nauangalia."

Siku tatu nikaandika. Kadi ya sauti moja haikuweza kupokea na kutoa vizuri kwa wakati mmoja, nikaiazima ya kompyuta ya pili. Moja ya kuingizia, moja ya kutolea. Kisha nikamwita Mzee Kulwa.

Alikuja na gitaa lake. Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Nipige hapa?"

"Piga mzee."

Akapiga noti moja. Ikatoka kwenye spika imekwaruka, nene, inavuma. Mimi nywele zilisimama. Noti imeingia kwenye kompyuta ni gitaa, imetoka ni kitu kingine, na katikati hakuna kitu isipokuwa hesabu zangu za kwenye daftari!

Nikageuka kumwangalia, nikidhani ataruka.

Ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea kwenye spika. Akapiga tena, juu zaidi kwenye shingo ya gitaa.

"Kuna vidudu humo," akasema.

"Vidudu?"

"Nikipanda juu, kuna vidudu vinashuka. Mimi napanda, vyenyewe vinashuka. Huvisikii?"

Sikuvisikia. Akapiga mara sita hivi, ndipo na mimi nikavisikia, vembamba, nyuma kabisa ya noti, vinakwenda kinyume kama alivyosema.

Jamani. Wenye kusoma signal processing mmeshajua. Hiyo ni aliasing. Fuzz inazalisha sauti za juu sana kupita uwezo wa kadi, na zile zinazozidi zinarudi chini zikiwa zimegeuka. Mhandisi anaiona kwa mashine. Yule mzee hakuwahi kugusa kompyuta, na ameieleza ilivyo ndani ya dakika moja: mimi napanda, vyenyewe vinashuka.

Nilikaa siku mbili kuvitoa. Nililazimisha hesabu zifanyike kwa kasi mara nne, halafu nachuja, ndipo natoa. Kompyuta ilikuwa inahema. Ikabidi sehemu nyingine niandike kwa assembly, lugha ya chini kabisa, karibu na ya mashine yenyewe. Tena kulikuwa na kuchelewa. Mzee alisema gitaa linamjibu kama simu ya kuongea na mtu wa Dar. Hilo nalo nikalipunguza mpaka akaacha kulalamika.

Akaja tena. Vidudu hakuna. Akapiga muda mrefu safari hii, nikaona mguu unaanza kugonga sakafu. Kisha akasimama.

"Hii ni Nyuki ya saa nne asubuhi."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Bwalo letu ni la bati. Asubuhi tukifanya mazoezi kuna ubaridi, Nyuki inakuwa hivi, imebana. Kuanzia saa tisa bati likishika moto, inalegea, inakuwa nene. Hiyo ndiyo watu wanaijua. Joto likizidi sana inaanza kukatikakatika, ndipo naifunika kitambaa chenye maji."

Nikaenda kufungua kitabu changu cha chuo. Ipo, mstari mmoja: germanium, joto likipanda, umeme unaovuja ndani yake unaongezeka. Mstari mmoja niliokariri kwa ajili ya mtihani. Yeye aliishi nao miaka yote ile kwa sikio na kitambaa cha maji, bila kuambiwa na mtu.

Nikaongeza namba ya joto kwenye programu. Nikamwekea nyuzi joto ishirini na mbili, akapiga, akatikisa kichwa kukataa. Nikapandisha. Nikapandisha. Kwenye thelathini na moja akainua kidole.

"Hapo watu wanaingia kucheza."

Ikabaki kitu kimoja, na ndicho kigumu kuliko vyote. Ile transista niliyoiua.

Kila transista ina kipimo chake cha kukuza umeme. Mbili za aina moja zinaweza kupishana sana. Ile iliyobaki hai niliipima, nikapata. Ya kwanza imekufa na kipimo chake. Hakuna mahali pa kukitoa. Kaseti moja ya zamani ya bendi ilikuwepo, ilirekodiwa bwaloni kwa redio ya kawaida, lakini mzee mwenyewe aliikataa. Alisema kumtafuta Nyuki kwenye kaseti ile ni sawa na kumtambua mtu kwa kisogo.

Kwa hiyo nikatengeneza matoleo kumi na moja ya programu. Yote sawa, isipokuwa kipimo cha transista ya kwanza. Nikayapa herufi kwa kuchanganya ili hata mimi nisikumbuke ipi ni ipi, karatasi ya majibu nikaifungia droo.

Nikamwambia, "Mzee, chagua."

Alipiga yote. Taratibu. Kila moja anapiga kipande kilekile kifupi, ananyamaza, anasema "nyingine". Alipomaliza akasema, "Ile ya F. Na ile ya B ni jirani yake."

Nikachanganya herufi upya. Akachagua. Nikafungua droo kuangalia: ni ileile.

Nikachanganya mara ya tatu. Safari hii nikamtega. Toleo moja nililiweka mara mbili kwa herufi mbili tofauti, sikumwambia. Alipofika mwisho akachagua ileile kwa mara ya tatu, halafu akanikunjia uso.

"Fundi, hizi mbili ni moja. Umechoka au unanijaribu?"

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Ilikuwa saa kumi jioni, watu wanapita na mizigo yao, na mimi nimesimama kama niliyepigwa. Nimesoma miaka minne vipimo vya kila aina, na hakuna mita niliyowahi kushika yenye uwezo wa kile kichwa.

Na mtu wa namna ile nilikuwa nimemdanganya.

Nikarudi ndani.

"Mzee, kuna jambo. Ile transista haikufa kwa uzee. Niliiua mimi. Niliichoma na chuma cha risasi. Hata kuitoa hakukuwa na haja, tatizo lilikuwa vumbi."

Alikuwa anafuta nyuzi za gitaa kwa kitambaa. Hakuacha kufuta.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuletea kitu kinakwaruza. Kinachokwaruza kiko hai. Ukanirudishia kiko kimya. Mimi nimeendesha mashine maisha yangu yote, najua mashine iliyokufa yenyewe na mashine iliyouawa."

"Sasa kwa nini hukusema mzee?"

Akaliweka gitaa chini.

"Ningesema siku ile, ungenikimbia. Ningebaki na boksi bovu na fundi anayejificha. Nikaona nikuache na deni lako rohoni, litakufanyisha kazi." Kisha akaongeza, "Na limekufanyisha."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, mbele ya kompyuta ya Mama Shamsa. Mzee akanisubiri nimalize, akasema tuendelee na ile aliyoichagua.

Siku ya kuagana ikafika.

Mama Shamsa alikubali kompyuta itoke, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aifuate. Tulikodi pikapu. Monitor nilikuwa nimeipakata, na Mama Shamsa kakaa mbele anageuka kila shimo la barabara kuangalia kama bado nimeishika.

Ile siku nilifanya kitu kimoja zaidi. Lile boksi la kijivu nilikuwa nimelifunga upya, swichi yake ya mguu nikaiunganisha kwa waya kwenye tundu la joystick la kadi ya sauti. Kwa hiyo mzee akikanyaga boksi lake alilolizoea, kompyuta inajua, na Nyuki inawaka.

Bwalo lilikuwa limejaa. Wanaume wa mashine, akina mama wa kusokota nyuzi, wastaafu, wake na waume zao. Wengine walishapata barua za kuachishwa, wengine bado wanasubiri. Ilikuwa shughuli ya furaha lakini ukiangalia nyuso unaona kila mtu ana hesabu zake za kesho.

Watu walipoona kompyuta inapandishwa jukwaani wakaanza minong'ono. Mmoja akauliza kwa sauti kama ni ya kuandikisha majina ya wanaopunguzwa. Bwalo likacheka, kicheko chenye uchungu ndani yake.

Bendi wakaanza. Nyimbo mbili za kwanza mzee alipiga gitaa kavu, bila Nyuki. Watu wakacheza kistaarabu. Bati lilikuwa limeshashika moto, jasho linanitiririka, nami naomba tu umeme usikatike.

Wimbo wa tatu, ikafika sehemu ya solo. Nikaona mguu wa Mzee Kulwa unanyanyuka.

Akakanyaga.

Wakuu, sijui niieleze vipi. Ile noti ilitoka kwenye spika kubwa za bendi ikajaza bwalo kuanzia chini mpaka kwenye bati. Nilisikia viti vinaburutwa. Mama mmoja akapiga kelele, "Nyukiii!" na vigelegele vikafuata, vingi, vinapishana. Sakafu ikaanza kutikisika kwa miguu. Hakuna aliyekuwa anaongelea kompyuta tena. Waliposikia sauti ile, kwao ilikuwa ni Nyuki yao waliyoijua siku zote, imetoka kwenye boksi lilelile la kijivu, chini ya mguu wa mtu yuleyule.

Mama Shamsa, ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja, alinishika bega. Aliniuliza sikioni, "Hiyo sauti inatoka humu? Kwenye kompyuta ya ofisi yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Subhanallah."

Mzee alikwenda na ile solo muda mrefu sana. Wenzake walijua hawezi kuikata, wakawa wanazunguka tu chini yake. Mama Shamsa aliniambia baadaye kwamba alikuwa amefumba macho. Alipokanyaga kuizima, bwalo zima likamzomea kwa mapenzi mpaka akaikanyaga tena.

Shughuli ilipokwisha, nikiwa nakunja waya, akanifuata mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya kiua. Akajitambulisha: Mzee Ibrahimu, fundi umeme wa kiwanda. Alishaona zile waya zangu, akataka kujua nimefanya nini. Nikamweleza yote, mpaka ile transista na yale majaribio ya herufi.

Akaniuliza, "Alichagua kipimo cha ngapi?"

"Themanini na nne."

Akaniambia nisubiri. Nyumba yake ilikuwa hapohapo kwenye kota za wafanyakazi. Akarudi na daftari la jalada gumu, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Akanieleza. Transista ya asili ya Nyuki iliungua zamani sana, mwaka wa kwanza tu baada ya yule mzungu kuondoka. Stoo ya umeme ya kiwanda ilikuwa na bakuli zima la germanium za akiba. Mzee Ibrahimu alizijaribu moja moja, Mzee Kulwa akiwa anapiga na kukataa, anapiga na kukataa, siku nzima, mpaka akakubali moja. Mzee Ibrahimu akaipima, akaandika, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu.

Akanionyesha mstari. Kalamu ya wino, mwandiko umelala. *Nyuki, transista ya kwanza: 82.*

Nilikaa chini jukwaani.

Mtu amechagua sauti akiwa kijana, kutoka kwenye bakuli. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwenye kompyuta, kwa herufi zilizochanganywa, amechagua palepale. Na ile tofauti ya mbili, siwezi kuapa kwamba si mita ya Mzee Ibrahimu iliyokosea. Wenye kubisha mtasema bahati. Semeni. Mimi nilikuwepo.

Mzee Kulwa alirudi Magu kulima mpunga. Nilikwenda kumwona mara kadhaa, ananikaribisha "Mwangaluka fundi!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni jioni. Ametangulia, Mungu amrehemu. Boksi alilikabidhi kwa familia yake, ni lao, na sitaki PM za kuuliza linauzwa kiasi gani.

Baada ya pale niliendelea na kazi ya software, ndiyo iliyonilea mpaka leo. Nimeandika programu nyingi kubwa kuliko ile. Hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nitoke nje nisimame barabarani.

Nilichojifunza, kwa wale wadogo zangu mnaokaa siku nzima mbele ya code: mtumiaji wako akikwambia "kuna vidudu humo", usikimbilie kumwelimisha. Kaa chini, mwambie apige tena. Anaweza kuwa anajua kitu ambacho kwenye kitabu chako ni mstari mmoja. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo. Mimi nilimkuta mzee mwenye busara ya kunisubiri. Wewe huenda usimpate.

Sasa karibuni. Wa maswali ya kiufundi ulizeni, hesabu bado ninazo. Wa kubisha mbishe, ila wazazi wa watu waachwe.

Na ombi langu moja. Kama kuna mtu humu alikuwa bwaloni Jumamosi ile, au mama yake, au baba yake, naomba aje anieleze ilikuwaje usoni kwa watu ile solo ilipoanza. Mimi niliisikia tu. Dakika zote zile nilikuwa nimekodolea skrini, naogopa kupepesa.